Siku Baruti Ilipolowa

Matanga ya babu yalipokwisha, mwezi Juni 2024, ukoo wetu ulikaa chini ya mwembe alioupanda yeye mwenyewe, tukagawana vile vichache alivyoviacha. Mashamba hayakuleta maneno, kwa kuwa alikwisha kuyagawa akiwa hai. Mizinga ya nyuki ilimwendea baba mkubwa, na jembe la kukokotwa na ng'ombe likabaki kwa matumizi ya wote. Kilichotukalisha hapo mpaka jua likaelekea kuchwa kilikuwa kitu kimoja tu, kilichotungikwa miaka mingi juu ya kitanda cha marehemu, kimeviringishwa katika ngozi ya mbuzi iliyokakamaa kama gome. Kilikuwa gobore lake.

Baba mdogo alitaka libaki nyumbani. Shangazi alisema kitu kile ni balaa na kitupwe mtoni. Kijana mmoja wa ukoo, ambaye macho yake yaliwaka tangu ngozi ilipofunguliwa, alishauri liuzwe. Maneno yalipozidi, baba mdogo alinigeukia.

"Wewe ndiye unayeandika magazetini," akasema. "Tuambie, sheria inasemaje?"

Sheria nilikuwa naifahamu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu yeyote kukaa na bunduki bila ya leseni, na gobore, hata likiwa kuukuu namna gani, ni bunduki. Lakini nilinyamaza. Katika mkutano ule wote, watu wawili tu tulijua kwa nini babu hakuwa amelifyatua gobore lile tangu Februari 1998. Mmoja alikuwa baba mdogo. Wa pili nilikuwa mimi, na katika mambo ya siku ile lilikuwako neno moja ambalo mimi na yeye hatukupata kumwambia mtu kwa miaka ishirini na sita.

Ndugu msomaji, naomba nikusimulie habari ile. Ni habari ya uwindaji wakati wa mvua, lakini naamini itamfaa hata yule ambaye hajapata kushika mshale.

GOBORE NA UPINDE

Kijiji chetu kiko kusini mwa Tabora, katika nchi ya miyombo na mininga. Wakati wa utoto wangu ungeweza kutoka uwanjani kwa babu ukaingia porini kabla mate hayajakauka kinywani. Katika nchi ile uwindaji ni wa zamani kuliko barabara. Bunduki za kushindiliwa kwa mbele ziliingia Unyamwezi kwa wingi katika karne ya 19, zikipanda kutoka pwani pamoja na misafara iliyofuata pembe za ndovu, wakati ambapo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiziacha bunduki za namna hiyo na kuchukua mpya. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa vijana wa rugaruga waliobeba bunduki hizo. Baadaye wahunzi wa kwetu walijifunza kuzitengeneza zilipoharibika, kisha wakajifunza kuziunda. La babu lilitoka kwa baba yake. Mtutu ulikuwa wa zamani, ilhali kitako cha mninga kilikwisha kubadilishwa mara mbili.

Kwa ambaye hajapata kuliona, gobore hupewa chakula chake kwa mdomo. Mwindaji humimina baruti katika mtutu, akaishindilia kwa mdeki, akatia kizibo cha nyuzi za gome, kisha vipande vya risasi, kisha kizibo kingine ili vitu visianguke. Nyuma, juu ya kitundu chembamba kama cha sindano, huvika fataki, ambayo ni kikofia kidogo cha madini. Mtambo ukiigonga fataki, cheche hupenya katika kitundu na kuifikia baruti. Mwindaji hupata mlio mmoja tu. Akikosa, hana budi kuanza upya, na mnyama hamngojei.

Sasa fikiri juu ya mvua. Baruti, hasa ile ya kienyeji, hunyonya unyevu hata ule wa hewani. Tone moja likitambaa mpaka kwenye kitundu, fataki italia bure. Kwa hiyo babu alikuwa na desturi zake. Baruti aliiweka katika pembe ya ng'ombe yenye kizibo cha mti. Pembeni mwa fataki alizungushia nta ya nyuki, na juu ya mtambo alifunika kipande cha ngozi ya mbuzi iliyopakwa mafuta, akakifunga kwa kamba ambayo ingefunguka kwa kuvutwa mara moja. Mdomo wa mtutu aliuelekeza chini alipotembea. Hata hivyo alisema kwamba mvua ikinyesha kwa saa mbili, gobore si bunduki tena. Ni fimbo nzito.

Upinde hauna baruti, na kwa ajili hiyo wengi hudhani kwamba mvua haiudhuru. La hasha. Upote wa mishipa ya mnyama hunywa maji, ukalegea, na mshale ukatoka bila nguvu. Manyoya yaliyofungwa mkiani mwa mshale hulala yakagandamana na wano, na mshale uliokosa manyoya huyumba hewani. Mwindaji hodari huupaka upote nta, huficha podo chini ya nguo, na hubeba upote wa akiba mahali pakavu.

Liko na jambo jingine, kubwa kuliko hayo yote. Mshale usio na sumu, na babu hakuruhusu sumu nyumbani kwake, haumwangushi mnyama pale pale. Humtoa damu. Kuufyatua ni nusu ya kazi tu, na nusu ya pili ni kuifuata damu hiyo mpaka mwisho. Mvua huikata kazi hiyo katikati.

Pamoja na hayo yote, mvua humvutia mwindaji. Majani makavu ambayo wakati wa kiangazi hulia chini ya mguu kama kaanga, wakati wa masika hulainika yasitoe sauti. Nyayo zote za jana zimefutika, hivyo kila unyayo uuonao ni wa leo. Manyunyu hufunika harufu na mchakacho wa mtu. Hapo ndipo palipo na mtego, kwa sababu mvua humkaribisha mwindaji karibu sana na mnyama, kisha humnyang'anya kila chombo cha kumalizia kazi.

"Masika ni ya kulima," babu alizoea kusema. "Porini tutakwenda majani yakikauka."

Na sheria pia ilisema hivyo. Msimu wa uwindaji ulifunguliwa Julai, masika yakiwa yamekwisha, tena kwa mwenye leseni. Babu hakuwa na leseni. Siandiki haya kumtetea.

ASUBUHI YA MANYUNYU

Msimu wa 1997/98 ulikuwa ule wa mvua za El Niño, ambazo watu wengi wa nchi hii hawajazisahau. Barabara ya kwetu ilikatika. Gari la duka halikufika kwa majuma. Mahindi ya zamani yalikuwa yamekaribia kwisha na mapya yalikuwa bado ni mabua. Tulikula ugali wa muhogo kwa uyoga, kesho yake kwa mlenda, keshokutwa kwa uyoga tena. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimekwama kwa babu kwa sababu ya barabara hiyo, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa.

Wakati huo shangazi alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alijifungua kwa shida, akapoteza damu nyingi, na maziwa hayakutoka vizuri. Bibi alisema mzazi anahitaji supu. Alilisema neno hilo asubuhi, akalirudia jioni, na mara ya pili hakuwa akimwambia mtu yeyote isipokuwa babu.

Alfajiri yake babu aliniamsha kwa kunigusa bega. "Amka, mume mwenzangu," akaninong'oneza kwa utani wake wa siku zote. "Utatubebea ngozi."

Baba mdogo, kijana wa miaka ishirini na miwili wakati huo, alikuwa tayari amesimama mlangoni na upinde wake. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu membamba kama moshi. Tuliondoka bila kuzungumza. Siku za kiangazi babu alikuwa na kimfuko cha majivu alichokitikisa ili kuuona upepo unakoelekea. Siku ile majivu yangeganda, basi alisimama mara kwa mara akayatazama manyunyu yenyewe yanavyolala, nasi tukageuka pamoja nayo. Kila tulipoupita mti, matone makubwa yalituangukia shingoni. Nilimwona babu akiuhamisha mkono wake juu ya ule mtambo kama mtu amfunikaye mtoto.

Tulitembea muda wa saa mbili, na katika saa hizo mbili mvua iliongezeka mara mbili na kupungua mara mbili. Kando ya mbuga moja, mahali penye kichaka kizito karibu na kijito, babu alichuchumaa akanionyesha unyayo. Kwato mbili ndogo, zimechongoka mbele. Maji yalikuwa hayajaingia ndani yake.

"Pongo," akasema kwa midomo tu.

Pongo ni mnyama wa peke yake. Hapendi makundi, hapendi mahali peupe, hukaa vichakani karibu na maji, na akishtuka hubweka kama mbwa. Dume ana pembe zilizosokoteka kidogo na rangi iliyokoza, na akijeruhiwa humgeukia mtu. Jike hana pembe, na rangi yake huelekea wekundu. Kwa hiyo mwindaji mwenye adabu hungoja mpaka akione kichwa. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya babu, nami niliijua kwa moyo kabla sijajua kusoma: usimpige ambaye hujaona kichwa chake.

Tulimwona. Alisimama nyuma ya majani, hatua kama thelathini, ubavu wake umetuelekea, kichwa chake ndani ya kichaka. Katika ukungu ule rangi zote zilikuwa moja. Babu aliivuta kamba, ngozi ikaanguka mikononi mwangu, akalenga. Akangoja kichwa. Manyunyu yaligeuka kuwa mvua. Niliyaona maji yakitiririka juu ya mtutu, yakifika kwenye nta, yakizunguka. Nilimwona babu naye akiyaona. Alikuwa mtu wa subira kuliko wote niliopata kuwajua, lakini nyuma yake alikuwako binti aliyelala bila nguvu, na mbele yake baruti ilikuwa ikinywa maji.

Hakungoja tena. Alifyatua.

Fataki ililia "ta!", sauti ndogo kama kijiti kilichovunjika. Baruti haikushika. Babu hakulishusha gobore. Alilishikilia vile vile, mtutu mbele, kwa kuwa baruti iliyolowa huweza kuchelewa na kulipuka baadaye, na wengi wameumia kwa kuharakisha kutazama. Kwa mkono wa kushoto alimpungia baba mdogo: acha.

Pongo alikuwa bado amesimama. Labda mvua iliimeza sauti ile. Baba mdogo alikuwa ameuvuta upinde nusu, anamtazama babu, anasitasita. Nami nilikuwa ubavuni mwake, tumbo limenibana, nimechoshwa na uyoga, nimechoshwa na mvua, nataka kuona.

"Piga, baba," nikanong'ona. "Piga!"

Akaachilia.

DAMU NA MAJI

Hata mimi niliuona udhaifu wa mshale ule. Uliondoka ukiyumba, ukashuka, ukampata nyuma sana. Pongo aliruka juu, akabweka mara moja, akatoweka. Pale alipokuwa amesimama tulikuta damu nyeusi yenye vipande vya majani yaliyotafunwa. Babu aliigusa kwa kidole, akainusa.

"Tumbo," akasema.

Mnyama aliyepigwa moyoni au mapafuni hafiki mbali. Aliyepigwa tumboni huweza kuishi saa nyingi, pengine siku. Wawindaji wote wanajua dawa yake: usimfuate upesi. Kaa, vuta tumbaku, mwache alale, ajikaze, kisha mfuate polepole. Lakini hiyo ni dawa ya kiangazi. Siku ile, kama tungekaa, mvua ingeosha kila alama; kama tungemfuata, tungemfukuza aende mbali zaidi. Babu alisimama kitambo, maji yakimtiririka usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hajui la kufanya. Mwishowe akasema tufuate.

Alinifundisha siku ile jambo ambalo sijapata kulitumia wala kulisahau. Juu ya majani damu ilikuwa imekwisha kuoshwa, lakini chini yake, upande usiofikiwa na matone, ilibaki. Basi tuliyapindua majani moja moja, kwa kimo cha jeraha. Baba mdogo alitazama nyayo, babu alitazama nyasi zilizolala, mimi nilipindua majani. Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri ikapita. Kila alama ilikuwa hafifu kuliko iliyoitangulia. Tulifika kwenye kijito ambacho juma moja kabla ningeweza kukiruka. Sasa kilikuwa kimepanuka na kunguruma, kimebeba matawi. Tulivuka tukishikana mikono. Ng'ambo ya pili hapakuwa na kitu. Tulitafuta mpaka giza likatuzuia.

Njiani kurudi hakuna aliyesema neno. Nilingoja babu aulize nani alimwambia baba mdogo apige. Hakuuliza.

Nyumbani tulikuta harufu ya supu. Bibi alikuwa amemchinja kuku wake mmoja wa mwisho, yule aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya mgeni. Shangazi alikuwa ameketi, bakuli mkononi, mtoto kifuani. Babu alisimama mlangoni na nguo zake zilizolowa, akalitazama lile bakuli muda mrefu, kisha akaenda kulitungika gobore.

SIKU YA TATU

Kesho yake aliondoka peke yake kabla ya jogoo, akarudi usiku mikono mitupu. Siku ya tatu mvua ilipumzika, na asubuhi tai walionekana wakizunguka upande wa ng'ambo ya kijito. Babu alikwenda, akarudi mchana akiwa na mshale tu. Alikuwa ameuosha. Aliuweka chini mbele ya baba mdogo, polepole, bila ya hasira, akaingia jikoni kwa bibi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa miti, nikasikia.

"Jike," akasema. "Ana maziwa."

Bibi hakujibu.

Jioni ile alinichukua tukamtafute mtoto. Ndipo aliponieleza tabia za pongo. Mama humficha mtoto kichakani muda wa miezi ya kwanza, naye huenda malishoni peke yake na kumrudia kumnyonyesha. Kila ajapo humsafisha, hata kinyesi chake hukila, ili mahali pale pasibaki na harufu ya kumwongoza chui. Mtoto naye hufundishwa jambo moja tu: alale, asiondoke, asilie, mpaka mama arudi.

Tulitafuta mpaka jua likatua, na asubuhi iliyofuata tena. Hatukumpata. Yale yaliyomlinda mtoto kwa chui yalimficha na kwetu pia.

Tuliporudi, babu aliwaita watu wote wa nyumba, hata shangazi na kitoto chake. Aliwaambia yaliyotokea toka mwanzo, hakuruka kitu. Kisha akasema: "Kosa hili ni langu. Mimi ndiye niliyewatoa nyumbani siku isiyofaa. Mimi ndiye nisiyengoja kichwa. Gobore lilikataa, lakini hatukulisikia." Alilitoa lile gobore, akaondoa baruti iliyolowa, akausafisha mtutu kwa maji ya moto, akaupaka mafuta kama mtu anayejitayarisha kwa safari, akaliviringisha katika ngozi, akalifunga mafundo matatu. Halikushuka tena. Majirani walidhani amekosa baruti au macho yamepungua, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Aligeukia mizinga, na asali yake ikajulikana mpaka mjini.

Nilisimama pale nikiwa na neno langu kooni. Babu alikuwa amebeba kosa lote, na baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Neno "piga" halikuwamo katika simulizi la babu. Sijui hata leo kama alilisikia. Baba mdogo alilisikia, lakini hakunitaja. Nilikuwa mtoto, nikaona kwamba wakubwa wamekwisha kulimaliza jambo, nami nikalala salama. Salama hiyo nimeilipia baadaye, kidogo kidogo, kila mvua inapopiga bati usiku.

BARAZA LA UKOO

Basi hapo chini ya mwembe, nilipoulizwa juu ya sheria, niliona kwamba siwezi kuieleza sheria nikiuficha ukweli. Nilimwomba baba mdogo aseme kwanza kwa nini analitaka gobore.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Nataka linikumbushe. Mzee alichukua kosa langu akafa nalo. Mimi ndiye niliyepiga, naye alikwisha kunipungia mkono."

Nikasema, "Baba, hukupiga peke yako. Mimi ndiye niliyekuambia upige."

Shangazi alishika kinywa. Yule mtoto aliyezaliwa wakati ule, sasa mama wa watoto wawili, alikuwa amekaa pale pale mkekani. Alikuwa hajapata kusikia kwamba habari ile yote ilianza kwa ajili ya supu ya mama yake. Baba mdogo alinitazama kwa muda, akacheka kidogo bila furaha.

"Nilikusikia," akasema. "Lakini wewe ulikuwa mtoto. Mtoto husema piga. Mkubwa ndiye anayepaswa kujua."

Nimeyafikiri sana maneno hayo, na kwa upande mmoja nayakubali. Mimi sasa ni mzazi. Kila siku watoto hutuhimiza tufanye hili na lile, na haja za nyumbani hutuhimiza kuliko watoto, na mara nyingi chombo tulicho nacho mkononi kimelowa, hakifai, nasi tunajua. Hapo ndipo mkubwa huonekana, kama anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu na kusema hapana. Babu alishindwa mtihani huo mara moja, kwa huruma ya binti yake. Kilichomfanya mkubwa machoni pangu ni kwamba baada ya kushindwa hakumtafuta wa kumtwika. Alitafuta mzoga siku tatu ili ajue hasa amefanya nini, kisha akasema mbele ya watoto: kosa ni langu. Wazazi wangapi hulisema neno hilo mbele ya watoto wao?

Lakini kwa upande mwingine siyakubali yote. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua uzito wa neno lake. Kama ningelisema siku ile, babu angenikemea au angenishika kichwa, na jambo lingekwisha. Nililiacha mpaka mwenye kunisamehe akazikwa.

Baada ya hapo mazungumzo juu ya gobore hayakuwa marefu. Nilieleza sheria ya 2015, na kwamba silaha ya marehemu hairithiwi kama shamba. Nilieleza pia kwamba pori lile si la enzi za babu. Uwindaji wa leo unatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na lililokuwa Pori la Akiba la Ugalla, ambalo wawindaji wa zamani wa mkoa wetu walilizungumza kama shamba lao, limekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu mwaka 2019. Kijana aliyetaka kuuza alinyamaza. Shangazi alisema, "Lipelekwe, basi, lakini lisitupwe. Lipelekwe kwa heshima."

Siku ya pili mimi na baba mdogo tulimpitia mtendaji wa kijiji, tukafuatana naye mpaka kituo cha polisi. Gobore lilikuwa bado ndani ya ngozi yake. Askari aliyetupokea alifungua mafundo yale matatu, akatazama mtutu uliong'aa kwa mafuta ya zamani, akauliza ni nani aliyelitunza hivi. Baba mdogo akamwambia ni baba yake. Askari akaandika katika kitabu, baba mdogo akaweka sahihi, tukatoka nje. Alikuwa mwepesi wa mwendo siku ile kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi.

Upinde ameubakiza. Ameuvua upote, ameutungika mahali pale pale lilipokuwa gobore, na watoto wake wanaruhusiwa kuushika.

Masika yaliyofuata nilimpigia simu kuuliza hali ya nyumbani. Alisema mvua ni nzuri, mahindi yamesimama, na kwamba usiku uliotangulia kulikuwa na mnyama aliyebweka kichakani nyuma ya nyumba. Watoto walidhani ni mbwa wa jirani.

"Ukawaambiaje?" nikamwuliza.

"Nikawaambia ni pongo," akajibu. "Wakataka kujua pongo ni nani. Basi tukakaa mpaka usiku wa manane nikiwasimulia. Nimewasimulia yote."